Bursa ya mafundi wa intaneti: Kamina nayo itume mtu wake

Mwaka 1956 reli ya Kamina mpaka Kabalo ilimalizika. Kabla ya hapo nchi ilikuwa na reli mbili zisizofahamiana. Moja ilikuwa ya BCK, iliyotoka Lubumbashi, ikapita Kamina, ikaenda Ilebo. Nyingine ilikuwa ya CFL, upande wa Kongolo, Kabalo na Kalemie. Hata upana wa njia zao haukulingana: CFL ilitumia mita moja, BCK milimita 1067. Ili mabehewa yaweze kupita, CFL ilibidi kwanza ipanue njia yake. Watu wa kampuni mbili walikaa mezani, wakakubaliana, wakaunganisha chuma na chuma. Ndiyo maana gare ya Kamina ni makutano mpaka leo, hata kama gari la moshi lenyewe siku hizi linafika linapotaka.

Intaneti inafanya kazi vilevile. Wengi wanaidhania kuwa kitu kimoja kinachoshuka kutoka hewani. Kumbe ni mitandao mingi, kila mmoja na mwenyewe: Vodacom ana wake, Airtel ana wake, Orange ana wake, na makampuni madogo yana yao. Mtu wa Airtel akimpigia kwa WhatsApp mtu wa Vodacom, data yake lazima ivuke kutoka mtandao mmoja kuingia mwingine. Swali ni: inavukia wapi? Kama makampuni hayo mawili hayajaungana hapa nchini, data inaweza kwenda mpaka Ulaya, ikageukia huko, ikarudi. Ni kama mama wa Base anayemtumia dada yake wa mjini Kamina mfuko wa unga, na mfuko unapandishwa ndege mpaka Brussels kwanza. Nauli ya safari hiyo ni nani anailipa? Analipa yeye mwenyewe, imefichwa ndani ya bei ya mega.

Dawa yake inajulikana. Ni kituo cha kubadilishana data, kile mafundi wanaita IXP. Si jengo kubwa. Ni chumba chenye baridi, umeme usiokatika, na mashine inayoitwa suichi, ambapo kila kampuni inaleta waya wake na kukabidhi data moja kwa moja kwa jirani. Kinshasa ina chake, KINIX, tangu mwaka 2012. Baadaye Lubumbashi ikapata LUBIX na Goma ikapata GOMIX. Vyote vimesimamiwa na ISPA-DRC, umoja wa makampuni yanayouza intaneti nchini.

Sasa, mashine hununuliwa. Mtu wa kuifanya ifanye kazi hanunuliwi, anafundishwa. Hapo ndipo inapoingia habari ya bursa zinazotolewa kwa mafundi wa Afrika wanaoshughulika na kuunganisha mitandao. Shirika la Internet Society lilianzisha mkutano wa AfPIF jijini Nairobi mwezi wa nane 2010, na tangu hapo mkutano huo umezunguka miji mingi, Dar es Salaam ikiwemo mwaka 2016, na baadhi ya mafundi wamesaidiwa kufika. Wanachojifunza huko ni nusu ufundi, nusu kupatana. Ufundi ni BGP, lugha ambayo ruta hutumia kuambizana njia ipi inafika wapi. Kupatana ni kazi ngumu zaidi: kumshawishi mshindani wa kibiashara kwamba atapata faida akiunganisha waya wake na wako bila kudaiana.

Atakayesema kupatana si kazi ya kusomea, aangalie Kenya. Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni ya Nairobi yalifungua kituo chao, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha data kwenda nje, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi kituo kikafungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima wa kubishana na kueleza mpaka kikafunguliwa tena Februari 2002. Waya ulikuwepo, suichi ilikuwepo. Kilichokosekana ni maelewano, na waliokuja kuyapata walikuwa wahandisi waliojua kuzungumza na wakubwa kwa maneno yanayoeleweka.

Na matunda yake yamepimwa. Uchunguzi wa Internet Society wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba data iliyokuwa inachukua milisekunde 200 mpaka 600 kwa safari ilishuka mpaka 2 mpaka 10 kwa kupitia kituo, na makampuni yaliokoa karibu dola 1,440,000 kila mwaka. Uchunguzi wa 2020 ukaonyesha kwamba sehemu ya data inayopatikana ndani ya Kenya yenyewe ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70 kwa miaka minane.

Hapa Base wapo watakaosema: familia zimekimbia vijiji vyao, zinalala chini ya maturubai, bukari haitoshi, na nyinyi mnaongea habari za ruta? Ni swali la haki. Lakini hebu mtu aketi nusu saa na familia hizo. Simu ndiyo kitu cha mwisho kuuzwa. Kwa simu wanatafuta mtoto aliyepotea njiani, kwa kutuma picha yake kutoka kundi moja la WhatsApp mpaka lingine. Kwa simu wanasikia kama kijiji kimetulia au bado. Ujumbe wa sauti wa shangazi aliyebaki nyuma una thamani kuliko habari za redio yoyote. Mega zikiisha, familia imekatika. Wananchi hawa wanakumbuka vizuri kodi ya RAM, iliyokata yuniti zao kuanzia 2020 mpaka kelele za raia zikaiondoa 2022. Hawahitaji kuambiwa kwamba bei ya mawasiliano ni jambo la tumbo.

Ukweli usemwe wote, hata hivyo. M-Pesa na Airtel Money kwenye simu ndogo hazipiti njia hii ya intaneti, kwa hiyo kituo cha data hakitabadilisha makato yake. Antena za Starlink, zilizopata leseni nchini mwaka 2025, ni msaada kwa mahali pasipo na waya, lakini haziwalazimishi Airtel na Vodacom kukutana. Tena kampuni ikiokoa pesa, hakuna sheria ya asili inayosema itampunguzia mteja. Hiyo ni kazi ya ARPTC na ya shirika la raia, na bila watu wanaoelewa hesabu za ndani, kampuni itawaambia chochote nao watakubali.

Kwa hiyo ubishi si kama bursa ni nzuri. Ubishi ni nani anakwenda. Desturi ya nchi hii inajulikana: safari ikiwa na ndege na hoteli, anakwenda mkubwa wa Kinshasa, anarudi na begi la mkutano na picha. Yule fundi anayeamka usiku wa manane kuwasha jenereta ya mnara anasikia habari baada ya miezi. Tangazo la bursa hutoka mtandaoni, mara nyingi kwa Kiingereza, na fomu hujazwa mtandaoni, jambo ambalo kwa kijana wa Kamina ni mtihani kabla ya mtihani.

Chuo Kikuu cha Kamina kina wanafunzi. Makampuni ya simu yana mafundi wao hapa, wanaozijua nguzo zote mpaka Bukama. Kinachoombwa si upendeleo. Ni kwamba wanaotoa bursa watenge nafasi kwa mafundi walio nje ya miji mikubwa, wapokee maombi kwa Kifaransa, wasaidie pasi na viza mapema, na wamfunge anayefaulu kwa sharti moja: akirudi afundishe wengine hapa hapa, asipotelee Lubumbashi. LUBIX iko kwenye reli hiyo hiyo ya kusini, na siku moja suichi ndogo ikifunguliwa Kamina itahitaji mikono ya kuihudumia.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakingoji Nairobi wala Kinshasa. Bursa nyingi za namna hii hutaka barua ya mwajiri, inayosema fundi ataruhusiwa kuondoka na kazi yake ataikuta akirudi. Barua hiyo ni karasa moja na muhuri. Wakuu wa makampuni walioko Kamina wanaweza kuitia sahihi wiki hii.