MASHINI MPYA YA HESABU: TUSING'OE RELI KABLA YA KUTANDIKA NYINGINE

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mkutano mkuu ujao wa chama chetu cha akiba na mikopo tutaulizwa neno moja: mashini kubwa ya hesabu, ile iitwayo seva, itiwe programu mpya kwa njia gani? Wengine wamesema hayo ni mambo ya mafundi. Sisi twasema sivyo. Ndani ya mashini hiyo mna akiba zetu, mikopo yetu na karo za watoto wetu. Mwenye ng'ombe ndiye aulizwaye juu ya zizi.

Kwamba lazima ibadilishwe hakuna ubishi. Programu inayoiendesha ni Windows Server 2012, nayo kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. Tangu siku hiyo, asiyelipa nyongeza hazibiwi tundu lolote jipya ambalo wezi wamelivumbua. Ubishi ni juu ya njia tu, nazo ni mbili.

Njia ya kwanza ni kutia programu mpya juu ya ile ya zamani, katika mashini ileile. Ni rahisi, na mipango yote hubaki ilivyokuwa. Lakini hata makosa ya zamani hubaki, na kazi ikiharibika katikati hakuna mahali pengine pa kuwahudumia watu. Njia hii twaifahamu. Mwaka wa 2020 reli ya Nanyuki ilifufuliwa palepale ilipolala. Hakuna abiria aliyesumbuka, kwa kuwa magari ya moshi yalikuwa yamekoma kufika huku kwa miaka mingi. Je, mikopo yetu imekoma? Hata kidogo. Kila siku kuna mtu dirishani.

Njia ya pili ni kuweka mashini mpya kando ya ile kuukuu, kisha kuhamisha hesabu. Ndivyo ilivyofanywa kati ya Mombasa na Nairobi. Reli mpya ya upana wa milimita 1,435 ilijengwa peke yake, na ile ya milimita 1,000 ikaendelea kubeba mizigo hata baada ya mpya kufunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ni kubwa zaidi. Tena, kila mtu wa reli ajua kwamba mzigo hauruki wenyewe kutoka reli hii hadi ile: sharti ushushwe, uhesabiwe, upakiwe tena. Hesabu za fedha ni vivyo hivyo.

Sisi twashauri njia ya pili, lakini isifanywe kwa pupa. Huko Uingereza, mwezi wa Aprili 2018, benki ya TSB ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 hadi mfumo mpya katika siku za mwisho wa juma moja tu. Majaribio hayakutosha. Watu wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje wasiweze kufikia fedha zao, na mwezi wa Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65.

Basi twaitaka kamati ikubali masharti haya:

1. Nakala kamili ya hesabu itolewe kwanza, na ijaribiwe kama yaweza kurudishwa.

2. Tawi moja dogo litangulie. Mengine yangoje.

3. Mashini zote mbili ziende pamoja mwezi mzima, na salio la kila mwanachama lilinganishwe shilingi kwa shilingi.

4. Iandikwe mapema ni nani atakayeamuru kurudi kwenye mashini ya zamani mambo yakiharibika, na saa ngapi.

5. Kazi isifanywe Januari, wakati wa karo.

6. Makarani wafundishwe kabla ya siku ile, wala wasibebeshwe lawama ya makosa ya mashini.

Nanyi wanachama mna wajibu wenu. Mwenzetu mmoja wa gengi alikuwa na mkopo katika chama kingine. Huko mashini ilibadilishwa usiku mmoja, na asubuhi deni alilokwisha kulipa likaonekana tena. Kilichomwokoa ni risiti alizoziweka katika kopo la majani ya chai. Kwa hiyo kila mmoja wetu achukue taarifa ya salio lake sasa, aitunze.

Yasemwa kwamba mashini mbili ni ghali. Ni kweli. Lakini haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba hiki kwa miaka mingi, na kibaba kikimwagika usiku mmoja nani atakizoa? Njoni mkutanoni, mseme. Asiyekuja asije akalalamika dirishani.

Umoja ni nguvu.