Kipimo cha Dhuluma: Neno juu ya Wakulima wa Meru na Wapangaji wa Sokon I



Yapo maneno mawili yanayorudiwa mno katika mji wetu, hata kwenye vikao vya watu wa Mungu. La kwanza lasema: "Vijana wa siku hizi ni wavivu, wanakimbia jembe." La pili lasema: "Wakulima wenyewe wameuza ardhi yao, sasa wanamlilia nani?" Tume yenu ya Haki na Amani inatamka wazi kwamba maneno haya mawili ni ya dhuluma, kwa maana yanamhukumu aliyeporwa na kumwachia huru aliyepora. Tunataka kuonyesha katika kurasa hizi kwamba umaskini wa mlimani na umaskini wa mjini ni umaskini mmoja, na kwamba una milango inayojulikana, ambayo waamini wanaweza kuifunga.

1. Tunayoyaona

Kata yetu ya Sokon I imo ndani ya Jiji la Arusha. Sokon II imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Jina ni moja, lakini moja huhesabiwa mjini na nyingine shambani. Atakaye kuelewa hali ya nchi yetu asizitazame mbali mbali, maana mtoto wa shambani ndiye mpangaji wa mjini.

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu 617,631. Kwa miaka 10 mji umeongezewa watu zaidi ya 200,000. Wapo waliozaliwa hapa hapa. Wengi wengine wameshuka kutoka vihamba vya Meru, na wengine wametoka mikoa ya jirani. Je, wamekuta nini? Kiwanda cha matairi, kilichokuwa fahari ya Arusha tangu miaka ya 1970, kilifungwa mwaka 2009, na viwanda vingine vilitangulia kufa. Kijana anapanga chumba kimoja pamoja na wenzake, anaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea hesabu kila jioni, anabeba zege, anatembeza nguo begani. Mwishoni mwa mwaka 2021 hata hao wachuuzi waliondolewa barabarani nchi nzima na kupelekwa kwenye maeneo ambayo mara nyingi wateja hawapiti. Dada yake anapika chakula cha kuuza, na nyanya moja ananunua kwa bei ambayo mkulima hakuiota.

Hapo ndipo penye fumbo. Mkulima wa Ngarenanyuki analalamika kwamba nyanya hazina bei. Mama lishe wa Sokon I analalamika kwamba nyanya ni ghali. Wote wawili wanasema kweli. Basi, ile tofauti inakwenda wapi?

2. Mlango wa kwanza: kipimo

Sheria ya Vipimo inajulikana: mazao ya shambani yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Lakini mkulima anapofikiwa na mnunuzi shambani kwake, gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba juu, hushonwa kwa kamba, na kuitwa gunia moja. Ndiyo lumbesa. Nyanya nazo huuzwa kwa tenga, na ukubwa wa tenga huamuliwa na mwenye kununua.

Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa kila gunia la kilo 100 limeongezewa kilo 30, basi mkulima aliyeuza magunia 10 ametoa kilo 300 bila malipo. Ni magunia 3 kamili: mbegu yake, mbolea yake, maji yake ya zamu ya usiku mferejini, na jasho la mkewe. Mzigo huo huo ukifika mjini hugeuka. Lumbesa hufunguliwa, mizani hupatikana, na mafungu huanza kupunguzwa. Kipimo kilichokuwa kikubwa wakati wa kununua kimekuwa kidogo wakati wa kuuza. Kwa hiyo mkulima na mama lishe si maadui. Wote wawili wanaliwa na kipimo kimoja.

Hatusemi kwamba biashara ni dhambi. Mfanyabiashara hukesha njiani, gari huharibika, nyanya huoza. Kazi yake inastahili faida, tena faida nzuri. Tunachokikataa ni faida inayopatikana kwa kumficha mwenzako uzito wa mali yake mwenyewe.

Nao ushirika, uliokuwa ngao ya mkulima, ulivunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa kwa amri ya serikali. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, imani ya wanachama ilikuwa imekwisha kujeruhiwa. Mwaka 1989 mgawo wa dunia uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika. Mwaka 1994 soko la kahawa hapa nchini likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mkulima mwenye mibuni mia chache aliachwa peke yake mbele ya mnunuzi mwenye habari zote za mnada wa Moshi. Wengi waling'oa mibuni, wakapanda nyanya na maharage. Wakakutana na lumbesa.

3. Mlango wa pili: ardhi

Watu wa mlima huu hawakuwa wepesi wa kuachia ardhi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mashamba mazuri kwa walowezi pande zote za Meru, hata Wameru na Waarusha wakabanwa kati ya msitu ulio juu na mashamba ya wageni yaliyo chini. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, na nyumba zao zikachomwa moto. Wakulima wale hawakulala. Walichangishana fedha, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 akasimama New York mbele ya Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya watu wake.

Leo hakuna anayechoma nyumba. Ardhi inaondoka kimya kimya, hatua 20 kwa 20, kwa karatasi ya mauziano iliyoandikwa juu ya goti. Mtoto amelazwa hospitali. Deni la pembejeo limeiva. Bei ya mazao imeanguka. Dalali amekwisha kusikia, naye yuko mlangoni. Anayeuza anasemekana ameuza kwa hiari. Ni hiari gani hiyo ya mtu mwenye mgonjwa kitandani? Mfalme Ahabu alimtamani Nabothi shamba lake la mizabibu, na ilibidi watafutwe mashahidi wa uongo ndipo lipatikane. Ahabu wa leo hahitaji mashahidi. Anangoja tu Nabothi augue.

Kisha kiwanja kinazungushiwa ukuta, na ndani yake hukua majani kwa miaka mingi, kwa sababu mwenyewe hakununua ili ajenge wala alime. Alinunua ili bei ipande. Nje ya ukuta huo, mtoto wa aliyeuza anatafuta kibarua cha kubeba matofali. Ndivyo milango hii miwili inavyofuatana: gunia likipunjwa leo, hatua za shamba zitauzwa kesho, na keshokutwa Sokon I itapokea mpangaji mpya.

Mara nyingi mama wa nyumba huwa wa mwisho kupata habari. Yeye ndiye mwenye jembe, lakini karatasi haina jina lake. Ieleweke basi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa kila mwanamke mtu mzima haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inabatilisha mila inayomnyima haki hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mzee anayeshuhudia mauzo huku mama yuko jikoni, hajui kinachoendelea, ameshuhudia wizi.

4. Mlango wa tatu: ujira

Wasio na shamba huwalimia wenye mashamba. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kilimo kiliwekwa mwaka 2013 kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi, na kikakaa hapo hapo hadi kilipopandishwa Januari 2023. Kwa karibu miaka 10 bei ya unga, nauli na kodi ya chumba vilipanda, mshahara ukabaki pale pale. Tena wapo wanaolipa kibarua chini ya hicho kidogo, wakijua kwamba mwenye njaa hataenda kushtaki.

5. Neno la Mungu na mafundisho ya Kanisa

Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato ipite ili wauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Wao walipunguza kwa sababu walikuwa wauzaji. Wa leo wanaongeza kwa sababu ni wanunuzi. Dhambi ni ile ile, imegeuza upande tu. Torati inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja zito na moja jepesi. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana.

Kanisa halikunyamaza. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII, katika waraka Mater et Magistra, alifundisha kwamba kilimo kisiachwe nyuma ya kazi nyingine, na kwamba mkulima anastahili bei ya haki, mikopo inayofaa na huduma kama za mjini. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio lililopitishwa hapa Arusha, likatahadharisha kwamba watu wa mijini waweza kuwa wanyonyaji wa watu wa vijijini. Wiki chache baadaye, tarehe 26 Machi 1967, Papa Paulo VI alitoa waraka Populorum Progressio, akafundisha kwamba haki ya kumiliki mali haimpi mtu ruhusa ya kujilimbikizia yanayozidi mahitaji yake wakati wengine wamekosa ya lazima. Mengi ya Azimio yaliachwa. Onyo lile, hata hivyo, halijapitwa na wakati hapa lilipopitishwa.

6. Wanaotupinga

Wengine watasema: "Watu wameongezeka, ardhi haiongezeki." Ni kweli, na kihamba kilichogawanywa kwa vizazi vitatu hakiwezi kumlisha kila mrithi. Lakini idadi ya watu haikushona lumbesa, wala haikujenga kuta kuzunguka majani matupu.

Wengine watasema dawa ni trekta na mkopo mkubwa. Na watazame Marekani, nchi ya matrekta. Katika miaka ya 1980 familia nyingi za wakulima katika jimbo la Iowa na majimbo ya jirani zilipoteza mashamba yao, kwa sababu riba ya mikopo ilipanda huku bei ya mazao na thamani ya ardhi vikianguka. Maaskofu Katoliki wa huko walilazimika kuliandikia jambo hilo sehemu nzima katika barua yao ya kichungaji juu ya uchumi, mwaka 1986. Mashine haimwokoi mkulima asiye na sauti katika bei.

Wengine, hatimaye, watasema padre ahubiri mbingu na kuacha magunia. Twajibu: gunia linaloletwa altareni wakati wa matoleo ni lile lile lililopimwa shambani. Haiwezekani kumtolea Mungu zaka ya kilo zilizoibwa.

7. Yatupasayo kutenda

Kwanza, kila muumini anayenunua mazao anunue kwa mizani, au aache kununua. Asipewe uongozi katika Kanisa mtu anayejulikana kwa lumbesa, hata kama matoleo yake ni makubwa.

Pili, Jumuiya za vijijini zichangishane zinunue mizani moja ya pamoja, na wauze pamoja, siku moja, kwa bei moja. Ushirika wa kweli huanza na watu 10 wanaoaminiana.

Tatu, wakulima wadai stakabadhi ya kila ushuru. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na likaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani 1 unaovuka kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Asiyeijua sheria hulipa mara mbili.

Nne, asiwepo mzee, katekista wala mwenyekiti wa Jumuiya atakayetia sahihi mauzo ya ardhi ya familia kabla ya mke na watoto wakubwa kukaa na kukubali. Na penye mgonjwa au deni, Jumuiya ifike kabla ya dalali.

Tano, anayeajiri vibarua alipe kima cha sheria, na alipe kwa wakati.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliyeuza shamba kwa miaka 5 iliyopita, na ni shida gani iliyomsukuma? Sisi tulikuwa wapi?
2. Mazao tunayouza au kununua yanapimwa kwa nini? Nani anaamua ukubwa wa kipimo?
3. Mizani ya pamoja itatugharimu kiasi gani, na nani ataitunza?
4. Vijana waliokuja kupanga Sokon I wanatoka familia zipi za mlimani? Tuwatembelee.

Majibu yaandikwe na kuletwa kwa Tume kabla ya mkutano ujao wa halmashauri ya walei, pamoja na jina la atakayesimamia ununuzi wa mizani. Amani ya Kristo, ambayo haikai pamoja na dhuluma, iwe nanyi nyote.