Kompyuta Mpya Isihukumiwe Kabla ya Kuhojiwa

Iko desturi mbaya ambayo yafaa ikomeshwe katika vituo vyetu. Kompyuta mpya ikigoma kuwaka, hutangazwa kuwa ni mbovu na kurudishwa ghalani, hata kabla mtu hajasoma kilichoandikwa kwenye kioo chake.

Hapa mpakani jambo hili si dogo. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, walikizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambako maofisa wa nchi hizi mbili hufanya kazi pamoja na msafiri hukaguliwa upande mmoja tu. Pasipoti na mizigo hupita katika kompyuta. Ikikosekana moja, foleni ya malori hurefuka. Naye mwananchi wa Mwello aliyeibiwa ng'ombe hatatulizwa kwa kuambiwa kwamba mashine bado iko ghalani.

Ndugu askari, kompyuta nyingi zikiletwa kwa mkupuo, fundi hazitii programu mojamoja. Huziunganisha na seva kwa waya, kisha huziagiza ziwake kwa njia ya mtandao. Utaratibu huo huitwa PXE, nao ulitolewa na kampuni ya Intel mwishoni mwa miaka ya 1990. Kompyuta hufika kama kuruta asiye na namba wala kombania, ikapaza sauti kuuliza ni nani atakayeipokea. Seva ya DHCP huipa anwani na kuitajia jina la faili la kuanzia. Kisha huenda kulichukua faili hilo kwa njia iitwayo TFTP.

Ikishindwa, huandika ripoti. PXE-E61 ni habari ya waya: haukuchomekwa sawasawa au umekatika. PXE-E51 ni kwamba iliita na hakuna aliyeitika; katika mashine za UEFI aghalabu utaona E16. PXE-E53 ni kwamba haikutajiwa faili. PXE-E32 ni kwamba ililiomba faili, lakini seva ya TFTP haikujibu. Askari aliyeinakili namba hiyo katika daftari la zamu amemfanyia fundi nusu ya kazi. Aliyezima na kuwasha mara kumi amefuta ripoti mara kumi.

Hiyo ya kutoitikiwa ndiyo yenye kuwasumbua watu zaidi, maana waya ni mzima na seva inafanya kazi. Sauti ya kompyuta haivuki ruta yenyewe. Seva ikiwa Kampala na kompyuta ikiwa Tororo, hapana budi ruta iamriwe kuupeleka ujumbe. Tena ziko swichi ambazo hukizuia kila kiungo kipya kwa takriban sekunde 30, zikihakikisha kwamba nyaya hazikuungana kwa mzunguko. Wakati huo kompyuta huenda imekwisha kukata tamaa. Weka swichi ndogo ya kawaida katikati. Ikiwaka, mkosaji amejulikana, na kilichobaki ni kurekebisha mpangilio wa swichi kubwa.

Hutokea pia kwamba kompyuta ya UEFI imepewa faili la mfumo wa zamani wa BIOS, au faili limekataliwa na kinga iitwayo Secure Boot, ambayo hukagua sahihi ya faili kabla ya kulikubali. Hapa sikubaliani hata kidogo na mafundi wenye haraka, ambao dawa yao ya kwanza ni kuizima kinga hiyo. TFTP haiulizi nenosiri, na kuruta wetu aweza kumtii yeyote anayemjibu. Mtu mwenye kompyuta yake ndogo, akipata tundu la mtandao lililoachwa wazi ukumbini, aweza kujibu kabla ya seva ya serikali. Kuizima Secure Boot ni kumwondoa mlinzi langoni kwa sababu amechelewesha gari la mkubwa. Faili sahihi lenye sahihi litafutwe. Kinga ikizimwa kwa ajili ya majaribio, irudishwe kabla mashine haijatoka mikononi mwa fundi, na jambo hilo liandikwe.

Kazi ikiisha, kuwaka kwa mtandao kufungwe katika kila kompyuta, na nenosiri la kufungulia mpangilio huo likae kwa ofisa wa mawasiliano, wala lisibandikwe ukutani.