Platinamu, Chuma na Jasho la Mchimbaji

Seli ya haidrojeni huunganisha haidrojeni na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme na maji, pasipo moshi. Lakini muungano huo, hasa upande wa oksijeni, huenda polepole mno bila kichocheo. Na kichocheo kinachotegemewa hadi leo ni platinamu, madini ya thamani ambayo sehemu yake kubwa huchimbwa Afrika Kusini. Huko Marikana, karibu na Rustenburg, tarehe 16 Agosti 2012, polisi waliwaua kwa risasi wachimbaji 34 wa platinamu waliogoma wakidai mshahara wa randi 12,500 kwa mwezi. Anayeuita umeme huo safi na awakumbuke.

Tangu Raymond Jasinski alipoonyesha mwaka 1964 kwamba kampaundi ya kobalti yaweza kufanya kazi hiyo, wataalamu wametafuta madini ya bei nafuu. Chuma kilichofungamanishwa na naitrojeni ndani ya kaboni kimeikaribia platinamu katika majaribio, ila huchakaa upesi ndani ya asidi ya seli. Twaupongeza utafiti huo. Hata hivyo twauliza: siku chuma kitakapodumu, ni nani atakayeketi na wachimbaji wa Rustenburg kabla mashimo hayajafungwa?