Mpiga gita naye ana jina

Kijana wa Manga, huko Ugusii nchini Kenya, akitafuta gita kavu (lisilo la umeme) kwenye simu, YouTube humpeleka mbali kwanza. Atamwona Tommy Emmanuel wa Australia akipiga besi, midundo na wimbo peke yake, kisha msururu wa wapigaji chipukizi wasio na bendi wala kampuni, wanaojirekodi chumbani. Ni hazina, tena ya bure. Lakini akitaka kumsikia mpigaji wa pale pale Manga, kazi huanza.

Si kwamba hawapo. Ugusii ulizoea mtu mmoja na nyuzi zake kabla gita halijafika. Ala yao, obokano, ni bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, lenye nyuzi nane na sauti nzito ya kunguruma. Mpigaji hukaa kitini, akapiga na kuimba mwenyewe. Siku hizi Grandmaster Masese ameipandisha ala hiyo jukwaani pamoja na mashairi. Gita lilipokuja halikukuta uwanja mtupu.

Kinachokosekana mara nyingi ni jina. Video hupakiwa ikiwa na jina la mpakiaji, namba yake ya simu na maneno "za zamani", huku mzee anayepiga akibaki "mzee". Atatafutwaje?

Mfano wa kinyume ni mpiga gita wa Kongo, Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, akaandika ni nani, wapi na lini. Kibao chake "Masanga" kikazunguka dunia, na mwaka 1969 Bosco akapiga katika tamasha la Newport, Marekani. Vidole vyake vilikuwa hodari, hakuna ubishi, ila hodari asiyetajwa hapewi mwaliko. George Mukabi wa Uluhyani, bingwa wa mtindo wa gita uitwao omutibo aliyefariki 1963, naye amepata wasikilizaji wapya ughaibuni kwa sababu Olvido Records ilikusanya santuri zake katika albamu "Furaha Wenye Gita" yenye jina lake juu.

Kwa hiyo anayepakia video aandike mambo manne: jina la mpigaji, kijiji chake, mwaka, na jinsi nyuzi zilivyotuniwa. Hilo la mwisho wengi watalipuuza, na ndilo ambalo mwanafunzi wa gita huliulizia kwanza. Bila hilo ataufukuzia wimbo wiki nzima asiupate. Ruhusa ya mpigaji iombwe kabla ya kamera kuwashwa.

Wapo watakaosema mtandao hutaka vituko. Embarambamba, mwimbaji wa Ugusii, amevuma kwa kuruka na kugaagaa matopeni, na hongera zake. Ila wasikilizaji wa gita kavu ni watu wengine kabisa: ni wachache, hukaa kimya, hurudia wimbo mmoja mara ishirini, na baadhi yao hununua. Duka la mtandaoni la Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Sehemu kubwa ya kinachobaki, baada ya ada za malipo, ni ya msanii.

Serikali nazo zina sehemu yao: Katiba ya Kenya ya 2010 iliziachia kaunti shughuli za utamaduni na maktaba. Kaunti za Ugusii, Nyamira na Kisii, zingeweza kuanza na kinasa sauti kimoja na karani mmoja wa kuwazungukia wapigaji, akiwauliza majina yao kamili.