Nani analipia simu iliyovuka ziwa?

Safu ya Hamisi Ssali

Shehena ikishushwa kutoka meli ya MV Umoja pale bandari ya Port Bell, Kampala, karatasi zinaonyesha nani kalipia safari ya kutoka Mwanza. Simu haina karatasi.

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka wateja wampate akiwa Kampala hubonyeza **21*, namba yake ya Uganda kuanzia +256, kisha #. Mtandao wake ukiruhusu, anajiona kamaliza. Kumbe mteja anakatwa bei ya kupiga Mwanza tu. Kipande cha kuvuka ziwa kinamwangukia mfanyabiashara, kwa bei ya kimataifa.

Kinachoniudhi zaidi ni ile simu isiyopokelewa inayopelekwa kwenye ujumbe wa sauti. Ukiwa kwenye rominga, yaani laini ya nyumbani ikitumika ugenini, simu hiyo huweza kuja hadi Kampala, ikarudishwa nyumbani, nawe ukatozwa kwenda na kurudi kwa maongezi ambayo hukuyasikia. Bonyeza ##002# kabla ya safari, ufute uhamishaji wote wa simu.

Njia nafuu vijana wa bandarini wanaijua: laini mbili kwenye simu moja. Ya Uganda, iliyosajiliwa kwa pasipoti, inabeba bando. WhatsApp inabaki na namba ya nyumbani. Laini ya nyumbani usiitoe, maana **21* inahamisha simu, haihamishi meseji za benki zenye namba za siri. Na mtu usiyemjua akikwambia ubonyeze hizo tarakimu ili “akusaidie”, kata simu. Wapigaji wako wataishia kwake. Bando nalo lina kodi: Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na wenzake, Julai 2021 ikageuza kuwa asilimia 12 ya bando lenyewe.

Lakini kwa nini tuhangaike hivi? Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliwawezesha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kupokea simu bure wakivuka mpaka. Kampuni moja, bila mkutano wa marais! Serikali zilipokuja na mpango wa mtandao mmoja mwaka 2014, Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikuwamo, Tanzania haikuwamo.

TCRA na UCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Tanzania na Uganda, waanze na dogo: ule ujumbe wa kukukaribisha Uganda utaje bei ya kupokea simu kwa dakika, kwa Kiswahili, kabla simu ya kwanza haijaita.