Mtoto Anayejichukia na Kazi ya Mwalimu

Mwanachuo atakayepelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Somanda, mjini Bariadi, au penginepo mkoani Simiyu, hana budi kujua kwamba miongoni mwa watoto watakaosimama kumwamkia asubuhi wamo waliojeruhiwa mahali pasipoonekana kwa macho. Uchunguzi wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wametendewa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana karibu watatu katika kila kumi walikuwa wametendewa ukatili wa kingono. Waliowapiga walikuwa aghalabu jamaa zao na, tukubali, walimu wao.

Mtoto aliyeumizwa mara moja na mgeni humlaumu mgeni. Aliyeumizwa miaka mingi na yule yule anayemlisha hujilaumu mwenyewe, maana akimwona mlezi kuwa mbaya atabaki bila mlezi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutambua ugonjwa wa kiwewe changamani. Mojawapo ya dalili zake ni mtu kujiona duni, mwenye aibu na hatia isiyokwisha. Darasani mtoto huyo hufuta jibu lililo sahihi. Hurarua ukurasa kwa kosa dogo. Akisifiwa hukunja uso, nasi huita hali hiyo kiburi.

Dawa moja inayopendekezwa na wataalamu ni huruma kwa nafsi. Tumekwepa kusema “kujihurumia”, kwa kuwa neno hilo hutuletea picha ya mtu aliyeketi akilalamika. Kristin Neff wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alikuwa na maana nyingine: mtu awe mpole kwa nafsi yake anaposhindwa, atambue kuwa kushindwa na kuteseka ni kwa wanadamu wote, na ayatazame maumivu yake bila kuyakuza wala kuyaficha. Wanaohofu kwamba mafundisho haya yatalea uvivu wamtazame tena yule anayerarua daftari. Amejichapa kutwa nzima, na hesabu bado hazijui.

Je, tiba ya namna hii inawezekana kwetu, penye matabibu wachache? Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Tiba yenyewe humsaidia mtoto kulipima wazo kama “ni kosa langu” na kuliweka jingine la haki zaidi mahali pake. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne watoto walioipata walikuwa na nafuu kuliko wenzao.

Mwalimu hatatibu, lakini anaweza kuacha kuongeza kidonda. Mtoto anayezungumza Kisukuma nyumbani asichekwe kwa matamshi yake ya Kiswahili. Akikosea kutoa, aoneshwe mahali alipokosea katika kuazima, kisha aulizwe: “Rafiki yako angekosea hivi, ungemwambia nini?” Swali hilo humfaa kwa sababu kwa rafiki hana ukali. Kuhusu fimbo, kanuni za mwaka 2002 ziliweka mwisho wa viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi. Kwa maoni yetu, kwa mtoto huyu hata kimoja humthibitishia kwamba alistahili yote ya nyumbani.

Twende polepole, hata hivyo. Paul Gilbert, tabibu Mwingereza, amekuwa akionya kwamba waliodhulumiwa utotoni huogopa upole wenyewe, maana mara nyingi uliwatangulia maumivu. Asishikwe bega ghafla, wala asisifiwe mbele ya wote. Neno moja la chini kwa chini, kila siku lile lile, latosha.

Wala tusichimbe habari zake. Akizitoa mwenyewe, tumsikilize, tumwambie kwamba hakukosa, na tusimwahidi siri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka tutoe taarifa: yupo afisa ustawi wa jamii, lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na simu 116 haitozwi kitu. Kabla ya kwenda huko, mtoto aambiwe anapelekwa kwa nani na kwa nini.